Kabla ya Kuuaga Mshahara



Miaka kadhaa iliyopita dada mmoja wa usharika wetu, mtaalamu wa kilimo katika shirika moja, alitujia na wazo. Alitaka kuacha kazi awe mshauri wa kujitegemea, akiwahudumia kwa malipo wakulima wa vitunguu saumu wa Bashay na wa ngano wa Basotu. Tulimwombea, tukamwambia atoke kwa imani. Hatukumwuliza swali hata moja la fedha.

Mwezi wa Februari uliofuata tulimkuta kwenye foleni ya zahanati, amembeba mtoto mwenye homa ya siku nne. Bima ya afya ilikoma pamoja na kazi, na fedha mkononi hakuwa nayo. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe, lakini zile siku nne zilitusuta sana.

Ujuzi alikuwa nao, na wateja walikuwapo. Shida ilikuwa majira. Mshahara huja kila mwisho wa mwezi. Mkulima wa Mbulu na Hanang hulipa akishavuna. Ushauri anauhitaji wakati wa kupanda, na wakati huo fedha zake zimeishia kwenye mbegu na mbolea. Akisema, "Mama, subiri nivune," hadanganyi. Lakini Januari hiyohiyo ndiyo ya sare na madaftari, na mahindi ya ndani yanapungua.

Kwa hiyo, iwe ni wewe au mume wako anayetaka kuacha kazi, ketini pamoja mjiulize: Je, tutafika mavuno?

Kwanza, andikeni matumizi ya nyumba, kuanzia unga na sabuni hadi sadaka, kisha zidisheni kwa miezi ya kungoja. Nyumba inayotumia shilingi 300,000 kwa mwezi, kazi ikiachwa mwisho wa Desemba na malipo yakaanza mwisho wa Julai, ni miezi 7, yaani shilingi 2,100,000. Fedha ya mafuta ya pikipiki na ya simu iwekwe kando. Isitoke kwenye chungu cha watoto.

Pili, msihesabu fedha ambayo hamtaipata. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10, mtu anayeachishwa kazi na mwajiri. Anayeacha mwenyewe hana dai hilo. Fao la kukosa ajira la NSSF nalo si la aliyeacha kwa hiari. Nendeni ofisi ya NSSF mwulize michango yenu imefikia wapi. Aliyejiajiri anaruhusiwa kuendelea kuchangia.

Tatu, jueni mapema bima itakoma lini, na tengeni fedha ya matibabu. Sisi wauguzi tunajua kwamba ugonjwa wa mtoto haungoji mavuno.

Nne, fanyeni jaribio. Kwa miezi 3 mshahara utakaoachwa uende wote benki, nanyi mwishi kwa kilichobaki. Mkishindwa mngali kazini, mmejifunza bila hasara, na akiba imeongezeka.

Tano, patana na mkulima kabla ya kukanyaga shamba lake. Atoe kidogo kila unapomtembelea, na salio akiuza mazao. Asiye na fedha anaweza kulipa kwa gunia la mahindi. Nalo ni chakula cha nyumba.

Wengine watasema kupiga hesabu ni upungufu wa imani. Lakini katika Luka 14:28 Bwana wetu anamtaka mwenye kujenga mnara aketi kwanza na kupima gharama. Hakumkataza kujenga.

Dada yetu alirudi kuajiriwa miaka miwili, akaweka akiba. Alipotoka mara ya pili alichagua mwezi wa Julai, wakulima wakiwa na fedha, na miezi mingi mbele yake kabla ya njaa ya Januari. Safari hii nasi tulimwombea tena, ila kwanza tulimwomba atuonyeshe daftari lake la hesabu.

Mungu azibariki nyumba zenu.