Usaili wa Kazi Si Bahati Nasibu

Kila unapotolewa mwito wa usaili katika utumishi wa umma, vijana wa Kasumulu hufunga safari. Hutoka mpakani, penye Mto Songwe unaoitenga Tanzania na Malawi, wakapita Kyela na kupanda milima ya Tukuyu hadi Mbeya. Wengine huendelea hadi Dodoma. Tangazo la usaili huwa limekwisha kuwaeleza kwamba kila msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Kwa familia ya mkulima, gharama hiyo ni mpunga uliouzwa kabla ya wakati wake, au kakao ya msimu mzima. Kwa hiyo kijana anaposhindwa kwa sababu hakujiandaa, hasara hiyo si yake peke yake. Ni hasara ya nyumba nzima iliyomtuma.

Katika miaka ya 1970, mhitimu wa chuo alipangiwa kazi na Serikali, kwa kuwa wasomi walikuwa wachache na nafasi zilikuwa nyingi. Hali hiyo haipo tena. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, pamoja na marekebisho yaliyofuata yaliyoleta Sekretarieti ya Ajira, imeweka msingi kwamba nafasi hutangazwa na waombaji hushindanishwa. Uzito wa mashindano hayo ulionekana wazi Juni 2014, pale waombaji zaidi ya elfu kumi walipokusanyika katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kusailiwa kwa nafasi 70 tu za Uhamiaji. Januari 2025 zamu ikawafikia walimu, ambao kwa miaka mingi walizoea kupangiwa vituo bila kusailiwa.

Wapo wanaosema kwamba usaili ni kiini macho, na kwamba kazi hupatikana kwa kimemo na kwa mjomba aliye ofisini. Haifai kukana kwamba undugunaizesheni umewahi kulitia doa taifa hili, na kila unapojitokeza unastahili kupigwa vita bila haya. Lakini ni kosa kubwa kuifanya dhana hiyo kuwa kisingizio cha uvivu. Kijana aliyekwisha kuamini kwamba matokeo yamepangwa hasomi, haulizi, wala hafungui bahasha ya vyeti vyake hadi usiku wa kuamkia safari. Huyo hushindwa mapema, naye hurudi nyumbani akiwa na ushahidi wa uongo kwamba alidhulumiwa.

Wengi huanguka hata kabla ya kuulizwa swali la kwanza. Msailiwa hutakiwa kufika na vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho kinachokubalika. Hati za matokeo ya muda hazipokelewi. Aliyesoma nje ya nchi, kwa mfano aliyevuka Songwe kwenda kusoma Malawi, lazima vyeti vyake viwe vimehakikiwa na chombo kinachohusika hapa nchini: Baraza la Mitihani kwa elimu ya sekondari, au Tume ya Vyuo Vikuu kwa shahada. Kadhalika lipo tatizo la majina. Cheti kimoja kina jina la baba, kingine kina jina la ukoo lenye Mwa mbele yake, na cha tatu kimekosewa herufi moja. Tofauti hiyo hurekebishwa kwa kiapo cha kisheria, nayo ni kazi ya kufanywa wiki kadhaa kabla, si asubuhi ya usaili mlangoni pa ukumbi.

Baada ya nyaraka huja maarifa. Kwa kawaida usaili huanza kwa mtihani wa kuandika ambao huwachuja wengi. Kwa kazi zinazohitaji ufundi hufuata usaili wa vitendo, na mwisho ni mahojiano ya ana kwa ana. Katika hatua zote hizo, anayeomba kazi anapaswa kuijua ofisi anayoiomba: imeanzishwa kwa sheria gani, ina majukumu gani, na nafasi yenyewe inadai nini. Hapo ndipo kijana wa Kasumulu anapojidharau bure. Hudhani kwamba mwenzake wa Dar es Salaam amemtangulia, kumbe yeye amekulia penye shule kubwa ya utumishi. Tangu utotoni ameyaona malori yakisubiri forodha, ameona abiria wakigongewa pasi za kusafiria, ameona mizigo ikikaguliwa. Akisoma na kufahamu kwamba Tanzania na Malawi zote zimo katika Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na kwamba Tanzania imo pia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ambamo Malawi haimo, atalieleza suala la ushuru na mpaka kwa uhai ambao vitabu pekee havimpi mtu.

Tatizo jingine ni la malezi, nalo halina ubaya wowote ndani yake. Nyumbani kijana hufundishwa kutomkazia macho mkubwa na kujibu kwa sauti ya chini. Mbele ya jopo, adabu hiyo yaweza kudhaniwa kuwa ni kutojua. Hana haja ya kuitupa heshima yake. Anachohitaji ni mazoezi: kusikiliza swali hadi mwisho, kulijibu lenyewe kwa sentensi chache zilizo wazi, kutoa mfano, na kukiri asilolijua badala ya kubuni.

Mazoezi hayo hayafanywi na mtu mmoja peke yake. Mwalimu wa sekondari aliyeko Kyela anaweza kuwaketisha vijana wanne mbele ya wenzao na kuwauliza maswali Jumamosi moja. Mtumishi wa forodha, wa afya au wa halmashauri anaweza kuwaeleza kazi yake ilivyo, bila kutoa siri ya ofisi wala ahadi ya upendeleo. Kumwandaa kijana ni tofauti kabisa na kumbeba. Anayemwandaa hulipa taifa mtumishi bora; anayembeba humnyang'anya haki mtoto wa mwingine.

Wajumbe wa majopo nao wana wajibu mzito. Ibara ya 22 ya Katiba inampa kila raia fursa na haki sawa ya kushika kazi iliyo chini ya mamlaka ya nchi. Anayeketi upande wa pili wa meza ameshika dhamana, wala hagawi mali yake. Taifa lilikwisha kuonja gharama ya uzembe katika jambo hili pale uhakiki wa mwaka 2017 ulipowabaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kila mmoja wao alikuwa amekalia kiti cha mtu mwenye cheti cha kweli.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hata anayefaulu usaili akakosa nafasi hajapoteza vyote, kwa kuwa jina lake laweza kuhifadhiwa katika kanzidata na kuitwa nafasi nyingine ikipatikana. Asiyejiandaa hana hata akiba hiyo. Walimu na watumishi wa Kyela waanze sasa, kabla tangazo lijalo halijabandikwa, ili nauli ya mkulima isiendelee kuteketea barabarani.