Barua Itangulie Mabati

Ndugu zangu wa Wamagana, na wa Tetu nzima,

Chini ya kaunta ya duka la mtaani kuna daftari ambalo mgeni haonyeshwi. Ndani yake kumeandikwa sukari nusu kilo, unga pakiti mbili, mafuta ya kupima ya shilingi hamsini, na kando ya jina la mteja kuna neno moja tu: bonasi. Maana yake mwenye duka amekubali kungoja mpaka kiwanda cha chai kilipe. Wengi wetu tunaopeleka majani kiwandani Gathuthi tumewahi kuishi ndani ya daftari hilo, hasa miezi ile ambayo karo imekomba kila kitu. Supamaketi yenye mashine ya risiti haina daftari. Ina mwanga, ina bei nafuu, ina mkate wa leo, na hayo ni mema, sitayadharau. Shosho anayepanda matatu mpaka Nyeri mjini kutafuta unga wa bei nafuu anastahili kuupata karibu na nyumbani.

Kwa hiyo siwaombi mkatae supamaketi mpya ikija kwetu. Ninachowaomba ni kwamba siku mtakapoona kiwanja kimezungushiwa mabati sokoni, tusikae kimya. Tabia yetu tunaijua: tunaulizana stejini kinajengwa nini, huyu anasema benki, yule anasema supamaketi, kisha kila mtu anapanda bodaboda yake na kwenda zake. Tunaanza kulalamika duka likishafunguliwa, lori la mizigo limeziba njia na maji ya paa yanamwagikia kibanda cha mama mboga. Wakati huo msingi umekauka na karatasi zote zina sahihi.

Nairobi walipitia hayo mapema mwaka 2023. Wafanyabiashara waliingia barabarani kulipinga China Square, duka kubwa lililokuwa na wiki chache tu tangu lifunguliwe pale Unicity, Barabara ya Thika. Uchungu wao niliuelewa. Lakini mlango ulikuwa wazi tayari, wanunuzi walikuwa wamekwisha kuonja bei, na shauri likawa la mawaziri na televisheni. Duka lilifungwa kwa muda, kisha likafunguliwa tena.

Sisi tuna mfano wa karibu zaidi, na ulizaliwa hapa hapa Tetu, Ihithe. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipata habari kwamba mnara wa ghorofa 60 ungejengwa ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Akaketi akaandika barua. Aliliandikia gazeti la Kenya Times, ambalo mnara ulikuwa wake, akaandikia Ofisi ya Rais, Tume ya Jiji, Mkuu wa Mkoa, UNESCO, hata balozi wa Uingereza. Aliuliza, na akapinga, kwa maandishi. Bungeni walimkejeli. Hatimaye waliotarajiwa kutoa fedha walijiondoa, na bustani ipo mpaka leo. Miaka 13 baada ya barua hizo, sisi wenyewe wa Tetu tulimtuma bungeni.

Mama huyo aliandika wakati ambapo kuuliza tu kulikuwa hatari. Sisi tuna Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 37 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa mamlaka za umma. Leseni za biashara, masoko na mipango ya miji ni kazi ya kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaturuhusu kuiandikia kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini yake, nayo ina wajibu wa kujibu upesi. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka anayeomba kibali cha ujenzi autangazie umma, ili mwenye pingamizi alipeleke kwa waziri wa kaunti anayehusika. Uamuzi ukitoka na hukuridhika, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya mipango na matumizi ya ardhi. Ukitaka kuiona ramani ya jengo, omba kwa maandishi: Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku zisizozidi 21 kukujibu.

Tuandike nini basi? Tusiandike "hatutaki". Tuandike lori litashusha mizigo saa ngapi na wapi, watoto wa shule watapita upande gani, maji ya mvua yataelekezwa wapi, taka zitazolewa na nani. Tuulize pia kuhusu maziwa na kabeji zetu: zitanunuliwa, na zitalipwa baada ya siku ngapi? Kampuni ya supamaketi ya Nakumatt ilipovunjwa Januari 2020 iliacha madeni ya mabilioni, na kati ya waliokuwa wakidai walikuwemo waliojaza rafu zake. Kaunti haiwezi kumlazimisha mtu kununua kabeji za Tetu, lakini swali likiulizwa mbele ya watu, jibu linaingia kwenye kumbukumbu za mkutano.

Jambo moja linanikaa moyoni kuliko mengine. Kibali cha kuuza unga si kibali cha kuuza pombe. Duka likitaka rafu ya chupa, hilo ni ombi lingine kabisa. Tumezika vijana wa kutosha katika milima hii. Wazazi na walimu, pimeni kwa miguu yenu hatua za kutoka dukani hadi shuleni, na mkiona hazitoshi, mseme kabla leseni haijatolewa.

Ofisi za kaunti ndogo ziko papa hapa Wamagana, hakuna haja ya nauli. Andika barua nakala mbili, kwa Kiswahili au Kiingereza, moja ubaki nayo ikiwa imepigwa muhuri na tarehe. Nyingine ifike kwa msimamizi wa wadi, na mwakilishi wetu katika bunge la kaunti aione. Barazani kwa chifu isomwe kwa sauti. Shosho asiyeandika amtume mjukuu aandike, yeye aweke kidole. Na ukipita dukani jioni kuchukua sukari, muulize mwenye daftari kama ameshatia sahihi.