Joto la Chumba cha Nani?

Ikifika Juni huwa nazisubiri, na hazichelewi. Orodha za "mvinyo bora wa kiangazi" zinaanza kuzagaa, zimeandikwa kwa Kiswahili safi kabisa, ila ukisoma aya mbili tu unajua mwandishi alikuwa na ukurasa wa Kiingereza mkono wa kushoto. Kuna kitambaa cha mirabamiraba kimetandikwa kwenye nyasi. Kuna kikapu, jibini, mkate mrefu wa Kifaransa na chupa ya roze kutoka Provence. Jua linazama saa tatu usiku. Saa tatu usiku, jamani! Kwetu saa hizo mbu wameshashiba.

Sina ugomvi na pikiniki ya Wafaransa, wale kwa raha zao. Mtu wa Provence anakunywa roze baridi mwezi wa saba kwa sababu huko kuna joto kali, mezani kuna nyanya, zeituni na samaki, na shamba la mizabibu liko nyuma ya nyumba ya jirani. Kaangalia jua lake, chakula chake na kilicho karibu, ndipo akachagua. Huo ni uchaguzi wa akili. Sisi tumenakili jibu lake, swali lenyewe tumeliacha kwenye ukurasa wa Kiingereza. Nasema hili ni tatizo la uandishi kabla halijawa tatizo la kinywaji, ndiyo maana nalileta mbele ya watu wa vitabu.

Tuanze na neno kiangazi. Kwa mtu wa Dodoma kiangazi ni miezi ya ukavu: mvua imekatika, majani yamekuwa rangi ya mchanga, na usiku wa Julai unatafuta blanketi. Pwani, Juni hadi Agosti ni kipupwe, kusi inavuma, ndiyo nafuu ya mwaka mzima. Nairobi mwezi wa saba watu wanatembea na majaketi. Njombe ndiyo usiseme. Jasho lenyewe, lile la kubadilisha shati mara mbili kwa siku, pale Dar linakuja Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi. Sasa mtu anayemwambia msomaji wa Njombe anunue mvinyo mweupe mwepesi mwezi wa saba "ili kukabiliana na joto la kiangazi" anamwandikia nani? Kalenda ya kula nje tunayo. Juni kule nyanda za juu, ukiwa umezunguka jiko la mkaa na sweta mwilini, mvinyo mwekundu mzito ndiyo mahali pake. Januari ufukweni, hata huo mwekundu uingie kwenye barafu.

Hapo kwenye barafu ndipo watu wananirukia. "Mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba." Sentensi fupi, tafsiri sahihi neno kwa neno, na kwa mtu wa Dar ni uongo mtupu. Chumba cha nani? Kanuni hiyo ilizaliwa katika nyumba za Ulaya za zamani, kabla ya mitambo ya kupasha nyumba joto, ambako chumba kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18 hivi. Sebule ya Temeke mwezi wa pili inafika nyuzi 30 bila kujitahidi. Kwenye joto hilo kileo ndicho kinachotangulia kupanda puani. Tunda linajificha, na mvinyo wa asilimia 14 unanukia kama spiriti ya kusafishia kidonda. Nimeshapewa mvinyo mwekundu ufukweni, saa nane mchana, mwezi wa kwanza, una uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa mezani. Nilipoomba barafu, mhudumu alinitazama kama nimeomba sukari ya kuweka kwenye pilau, akanifundisha kwa upole kwamba mwekundu haupozwi. Simlaumu, kafundishwa hivyo. Nawalaumu walioandika alichofundishwa. Tafsiri ya kweli ya kanuni ile, kwa Kiswahili cha pwani, ni neno moja: upoze.

Na kupoza hakuhitaji vifaa vya kifahari. Chukua ndoo, tia barafu, tia maji mpaka chupa izame hadi shingoni, rusha konzi la chumvi. Barafu tupu inaacha mapengo ya hewa, maji ndiyo yanayoishika chupa pande zote, na chumvi inayashusha maji yale chini ya sifuri. Robo saa inautosha mwekundu, mweupe mpe nusu saa. Huna barafu? Funga chupa kwa kipande cha khanga kilicholowa, weka kivulini penye upepo, na kitambaa kikianza kukauka kilowanishe tena. Ni kazi ileile inayofanywa na mtungi wa bibi: maji yanatoka kwenye vitundu vya udongo, yanageuka mvuke, yanaondoka na joto. Kwenye hewa kavu ya Dodoma utafurahi kuliko Tanga, ambako hewa imejaa maji tayari. Mwaka 1819 John Keats, katika shairi lake la ndege anayeimba usiku, alitamani mvinyo uliokaa muda mrefu ardhini ukapoa. Mwingereza huyo, na mvua zao zote, alijua mvinyo unahitaji ubaridi. Sisi tulio jirani na ikweta tunaambiwa tuuache mezani!

Twende kwenye ulimi. Orodha hizi zinasema mvinyo fulani una "ladha ya guzberi" na mwingine una "karanti nyeusi na sakafu ya msitu". Naomba aliyeandika guzberi anyooshe mkono aseme aliila lini. Ni tunda la bustani za Uingereza, na msomaji wa Morogoro hana kumbukumbu yoyote ya kulishikia. Sentensi inapita kichwani mwake bila kugusa kitu, na mbaya zaidi inamwachia hisia kwamba ulimi wake una kasoro. Anarudisha glasi mezani akidhani mvinyo ni wa watu wenye ndimi bora kuliko wake.

Wakati huohuo Kiswahili kina kabati zima la ladha. Kile kinachoitwa tanini, ambacho waandishi wanatumia aya nzima kukieleza, sisi tunakiita ukakasi, na kila mtoto aliyeng'ata ndizi mbichi au bibo la korosho anakijua. Tuna uchachu, tuna ugwadu wa embe bichi na ukwaju, tuna ukali, tuna kukereketa. Mvinyo mwekundu unaoacha ulimi mkavu na rangi ya zambarau umekula zambarau, basi, sema zambarau! Mweupe wenye uchachu wa kushtua taya sema ubuyu, sema ndimu, sema pera ambalo halijaiva. Ukinusa iliki na pilipili manga, andika iliki na pilipili manga.

Wapo watakaosema huo si utaalamu. Mwaka 1984 Ann Noble, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis, alichora gurudumu la harufu za mvinyo ambalo wataalamu wanalitumia hadi leo. Ndani yake utakuta harufu ya asparagasi za kopo na maharage mabichi ya kopo. Za kopo! Mama yule hakwenda kuazima maneno ikulu. Aliangalia vitu ambavyo watu wake wangevipata dukani na jikoni, wakavinusa, wakakubaliana. Utaalamu wake ulikuwa huo hasa. Anayenakili asparagasi zake anakosa somo lake.

Sasa chakula, kwa sababu sisi tunakula nje kuliko hao wenye vikapu. Tunakula nje mwaka mzima, kwenye viti vya plastiki, chini ya mwembe, moshi unatufuata popote tunaposogea. Mbuzi choma ana mafuta na chumvi, na vyote viwili vinaupunguza ukakasi, kwa hiyo hapo mlete mwekundu mwenye mwili, uliopoa kidogo. Kachumbari yenye ndimu nyingi inahitaji mvinyo wenye uchachu usiopungua wa kwake, la sivyo mvinyo unakuwa maji. Pilipili na kileo kingi ni maadui: moto unaongezeka mdomoni. Mishikaki yenye pilipili na ukwaju itafutie roze au mweupe wenye utamu kidogo, baridi kabisa. Changu wa kuchoma anataka mweupe mkavu. Vibua na samaki wengine wenye mafuta usiwape mwekundu wenye ukakasi, utahisi umeng'ata msumari. Kashata na visheti vinataka mvinyo mtamu kuvizidi, na hapo Dompo ya Dodoma, ambayo watu wa orodha wanaikunjia pua, inakaa vizuri kabisa ikiwa imepozwa na kumiminwa kidogo kidogo. Chupa ya kifuniko cha kuzungusha inafaa safari kuliko ya kizibo. Na chupa isiachwe kwenye buti la gari juani, itaiva kama maharage.

Nimetaja Dodoma, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Tunayo nchi ya mizabibu. Iko juu ya mita 1,000 hivi kutoka usawa wa bahari, mvua zake ni chache, na mizabibu yake inavunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Bordeaux hulisikia tu. Kuna zabibu nyekundu iliyopewa jina la Makutupora, mahali penye kituo cha utafiti wa zao hilo. Kuna Chenin Blanc, ambayo uchachu wake unafaa samaki wetu kana kwamba vilipangwa. Wakulima wengi ni wadogo, watu wa Hombolo na Mpunguzi wenye ekari chache. Na mara kwa mara habari inajirudia: zabibu zimeiva, wanunuzi hawaonekani. Serikali imeweka ushuru mdogo kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini. Ni jambo jema, ila sheria inapunguza bei tu, haimpi mtu sababu ya kunyoosha mkono kwenye rafu. Hiyo inatolewa na maneno. Na maneno yetu yote tumeyapeleka Provence.

Nitajibiwa kwamba chema chajiuza. Bordeaux hakijajiuza. Kimeandikiwa karne kadhaa, kikapangiwa madaraja mwaka 1855, na bado kinaandikiwa kila wiki. Chema kikikaa kimya kinaoza shambani, waulizeni Hombolo.

Nitaambiwa pia kwamba mvinyo wa Dodoma una matatizo. Ndiyo, baadhi ya chupa ni mbaya, na sisemi mtu anywe uchachu wa hovyo kwa ajili ya uzalendo. Nasema tuihakiki. Mhakiki wa riwaya asiyekuwa na neno zaidi ya "tamu" na "mbaya" tungemcheka hapa. Anayetengeneza mvinyo akiambiwa "huu una ukakasi wa bibo unaofunika tunda lote" ana la kurekebisha. Akiambiwa "hauna guzberi" afanye nini?

Na wasomaji wengi hapa hawanywi, kwa dini au kwa hiari yao. Suala hili linawahusu vilevile. Kahawa ya Kenya inasifiwa duniani kote kwa ladha ya hiyohiyo karanti nyeusi, wakati wengi wanaoichuma hawajawahi kuiona karanti. Leo ni mvinyo na kahawa, kesho itakuwa asali ya Tabora na maembe yetu wenyewe. Lugha iliyopokea mvinyo kutoka kwa Wareno, divai kutoka kwa Wafaransa na waini kutoka kwa Waingereza ina majina matatu ya kitu kimoja. Tukikosa neno la ladha yake, tusiisingizie lugha.

Mlo wa nje maarufu kuliko yote katika fasihi ni ule wa Omar Khayyam kama alivyotafsiriwa na Edward FitzGerald mwaka 1859: mkate, mvinyo, kitabu cha mashairi na mwenzi, chini ya mti. Hakuna aina ya zabibu. Hakuna mwaka wa mavuno. Shaaban Robert, Mwislamu wa Tanga, aliuleta mlo huo kwetu katika Omar Khayyam kwa Kiswahili, mwaka 1952, na hakuhitaji guzberi ili msomaji wake akae chini ya mti ule. Alikuwa na Kiswahili, kikamtosha.

Kwa hiyo namwomba atakayeandika orodha ya Juni ijayo aanze kwa kutuambia mambo matatu: yuko wapi, anakula nini, na nje kuna nyuzi ngapi. Kisha atutajie walau chupa moja ya Dodoma na atuambie kwa Kiswahili ina ladha gani, iwe nzuri au mbovu. Akishindwa, basi aiache orodha ile kwa Kiingereza chake. Huko walau inasomwa na watu wanaolijua guzberi.