Tokeni: Sare Haimfanyi Mtu Kuwa Askari

Askari anapohamishwa kutoka kikosi kimoja kwenda kingine hafundishwi upya maana ya "nyuma geuka". Maneno ya amri ni yale yale katika kila uwanja wa gwaride. Ndiyo maana ofisa asiyemjua hata mmoja wa waliosimama mbele yake aweza kuwaongoza. Mapatano ya namna hiyo ndiyo yaliyoziwezesha tokeni kuenea duniani, na ndani yake umo mtego ambao kila jamaa yafaa iujue.

Mtandao wa Ethereum ulifunguliwa mwezi wa Julai 2015. Humo mtu yeyote aweza kuandika mkataba erevu, yaani programu inayotekeleza masharti yake yenyewe bila karani wala msimamizi. Mkataba wa tokeni ni daftari tu, lionyeshalo nani anamiliki kiasi gani. Hapo mwanzo kila mwandishi angeweza kuziita amri za daftari lake kwa majina ayapendayo, na kila soko au pochi ya kielektroniki ingelazimika kujifunza lugha mpya kwa kila tokeni.

Mnamo Novemba mwaka huo huo, Fabian Vogelsteller, pamoja na Vitalik Buterin, walitoa pendekezo ambalo sasa hujulikana kama ERC-20. Lataja amri sita ambazo kila daftari sharti lizitii: kutaja jumla ya tokeni zote, kutaja salio la mwenye mali, kuhamisha, kumpa mwingine idhini ya kuchota, kutaja idhini iliyobaki, na kuhamisha kwa idhini hiyo. Majina ya amri hayakosewi hata kwa herufi moja, kwa kuwa mashine huitambua kila amri kwa alama ya baiti nne inayokokotolewa kutokana na jina lake na aina za vitu viambatanavyo nalo. Kwa mapatano hayo, pochi iliyoandikwa leo yaweza kuendesha tokeni itakayoundwa kesho.

Hata hivyo, mapatano hayo yahusu maneno ya amri, wala hayahusu moyo wa mtoa amri. Amri ya kutoa idhini ndiyo yenye hatari kubwa. Iliwekwa ili soko liweze kuchota kiasi kilichokubaliwa wakati wa biashara. Lakini programu nyingi huomba idhini ya kiwango cha juu kabisa, ili mteja asilipe ada ya kuidhinisha kila mara. Idhini hiyo haifi biashara inapokwisha. Hudumu mpaka mwenyewe aibadilishe. Ni sawa na mtu aliyemkabidhi fundi ufunguo wa nyumba kwa kazi ya siku moja, akasahau kuudai. Matapeli hulijua jambo hili. Humvuta mtu kwa ahadi ya zawadi, akatia sahihi asichokisoma, kisha tokeni zake za aina hiyo huchotwa zote, na daftari huona kwamba kila kitu kimefanyika kwa kanuni.

Mtego wa pili ni jina. Jina la tokeni na kifupisho chake ni mambo ya hiari katika kanuni hii, wala hakuna kinachomzuia mlaghai kuipa tokeni yake jina la tokeni mashuhuri. Itazitii amri zote sita, na pochi itaionyesha bila shaka yoyote. Kitambulisho cha kweli ni anwani ya mkataba wenyewe. Polisi wamjua mwizi aliyevaa sare ya kuazima: mavazi ni sahihi, bali namba haimo katika orodha ya kikosi.

Basi, baba au mama wa nyumba anayeshika mali ya namna hii hana budi kufanya mambo matatu. Alinganishe anwani ya mkataba na ile iliyotangazwa na wenye tokeni wenyewe. Aidhinishe kiasi kinachohitajika tu. Tena azikague idhini za zamani, na zisizo na kazi azirudishe kuwa sifuri. Kanuni njema huwawezesha wageni wawili kuelewana, lakini haimwambii yeyote kati yao kama mwenziwe ni mwaminifu. Kazi hiyo imebaki kwa mwenye mali, naye aifanye mapema, maana majuto ni mjukuu.