Picha ya zamani ya hospitali: Usiangalie katikati tu

Katika kumbi nyingi za makanisa, na katika vijitabu vya kuadhimisha miaka ya hospitali za misheni, hapakosi picha moja ya zamani isiyo na rangi. Daktari Mzungu yuko katikati, amevaa nguo nyeupe. Mgonjwa ameketi chini au amelala mkekani. Nyuma yao kuna nyumba ya nyasi na umati unaotazama. Chini pameandikwa jina la daktari, kisha maneno mawili: "na wenyeji".

Watu husema picha haidanganyi. Ni kweli, waliomo walikuwepo. Lakini ni nani aliyewapanga hivyo, na alitaka tuone nini?

Kumbuka kwamba kamera nyingi za mwanzo wa ukoloni zilikuwa nzito. Zilisimamishwa juu ya miguu mitatu, na picha ikanaswa kwenye kioo kilichopakwa dawa. Mpiga picha aliwaambia watu wasimame hapa, waketi pale, watulie. Kwa hivyo ukiona nyuso zimekauka, usikimbilie kusema kwamba watu wetu walimwogopa daktari. Huenda waliambiwa tu wasitikisike.

Tazama pia mpangilio wenyewe. Nguo nyeupe huvuta jicho kwanza. Aliyesimama huonekana mkubwa kuliko aliyeketi. Picha nyingi za misheni zilipelekwa Ulaya zikaonyeshwa makanisani ili waumini watoe mchango. Ilifaa basi zionyeshe shida upande mmoja, na mwokozi upande wa pili.

Chukua mfano wa ugonjwa wa malale kandokando ya Ziwa Victoria. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo, unaoenezwa na mbung'o, uliua watu wengi mno nchini Uganda, na ufuo wa Nyanza haukusalimika. Mwaka wa 1906 Mjerumani Robert Koch, aliyekuwa ameshinda Tuzo ya Nobel mwaka mmoja tu kabla, alipiga kambi katika visiwa vya Ssese. Aliwadunga wagonjwa dawa iitwayo atoxyl, yenye arseniki ndani yake. Mwanzoni wengi walipata nafuu, lakini ugonjwa ukarudi. Kipimo cha dawa kilipoongezwa, baadhi yao walipofuka.

Sasa fikiria picha inayopigwa siku ya sindano. Itaonyesha foleni iliyonyooka, meza safi na daktari kazini. Hakuna uongo hapo. Lakini haitamwonyesha mgonjwa anayerudi nyumbani akishikwa mkono kwa sababu haoni tena njia. Picha hunasa kufumba na kufumbua, ilhali matibabu huchukua miezi.

Basi ukikutana na picha ya aina hii, anza kuitazama pembeni. Yule kijana aliyeshika beseni ni nani? Vijana kama yeye ndio waliofunga vidonda, na ndio waliomfasiria daktari maneno ya mgonjwa. Na yule mama aliyekatwa nusu na ukingo wa picha? Huenda ndiye aliyembeba mtoto mgongoni mwendo wa siku nzima hadi hapo. Hospitali haikuendeshwa na mtu mmoja.

Hapa ndipo penye kazi yetu. Kama kuna picha kama hiyo nyumbani kwenu au kanisani kwenu, ipelekeni kwa wazee mapema. Hata kama hawakuwepo siku hiyo, walisimuliwa na wazazi wao. Wapo wanaoweza kukwambia kwamba kijana wa beseni ni babu yake fulani wa kijiji cha pili. Liandike jina hilo kwa penseli nyuma ya picha, pamoja na jina la aliyekuambia.

Usipofanya hivyo, mzee atakwenda nalo kaburini. Daktari atabaki na jina lake, naye babu yako ataendelea kuitwa "wenyeji".