Malezi ya Vijana: Mpira Ukisimama

Wasomaji wetu, wakati wa masika, baada ya sala ya alasiri, alitujia barazani kijana mmoja afunzaye watoto mpira wa miguu hapa mtaani kwetu Tanga. Alipokwisha kutuamkia, nasi tukamwitikia, alikaa kimya kitambo, kisha akasema: "Maalim, ligi ya watoto imekwisha, na mvua imeugeuza uwanja kuwa ziwa. Nina watoto ishirini na wawili. Wenzangu wengine wananiambia niwaache mpaka ligi irudi. Wengine wananiambia niwapeleke pwani kila asubuhi wakimbie mchangani, ili ligi ikirudi wawe chuma. Nusu yao ni wanafunzi wako hapa chuoni. Nishike lipi?"

Sisi si wajuzi wa kabumbu. Tulioucheza utotoni ni mpira wa matambara na kamba, na goli letu lilikuwa mawe mawili. Lakini watoto twawajua kidogo, kwa kuwa tumekaa nao miaka mingi. Na yale tusiyoyajua tumewauliza waganga na kuyasoma. Jawabu tuliyompa kijana yule twaiandika hapa, kwani walimu kama yeye ni wengi, na wazazi wa watoto hao ndio nyinyi msomao ukurasa huu.

Tulimwambia: hata moja katika hayo mawili usilishike. Tazama wenye vyombo wetu wa pwani. Upepo wa kusi ukikaza, chombo hupandishwa mchangani. Mwenyewe hakiachi kikalala juani, maana mbao zikikauka hupasuka. Wala hakirudishi baharini kwa kuwa tu kingali chaelea. Hukikagua ubao kwa ubao, hukikalafati, hukipaka deheni, hulishona tanga. Safari ya msimu ujao huanzia pale mchangani, si siku ya kung'oa nanga. Na miezi isiyo na mechi ndiyo mchanga wako wewe, mwalimu wa mpira.

Jambo la kwanza ni kuupumzisha mwili wa mtoto. Hapa yatupasa tuseme kisa kilichotupata wenyewe, ingawa hakitupambi. Miaka michache iliyopita tulikuwa na mwanafunzi wa miaka kumi na mitatu, mtoto mtulivu, mwenye sauti nzuri. Akaanza kukaa darasani amenyosha mguu mmoja mbele ya wenziwe. Tulimkemea mara mbili tukidhani ni utovu wa adabu. Mara ya tatu alikunja mguu kama tulivyomwamrisha, na machozi yakamtoka. Tulipolitazama goti lake tuliona uvimbe chini ya pia. Kumbe likizo nzima ya mpira alikuwa akikimbizwa mchangani kila siku, naye alikuwa akificha maumivu asije akapoteza nafasi yake katika timu.

Mganga alitueleza kwamba mfupa wa mtoto anayerefuka una sehemu laini ambazo bado hazijakomaa. Msuli mkubwa wa paja umeshikizwa kwa ukano pale chini ya goti. Mtoto akikimbia na kuruka mno bila ya kupumzika, ukano huo huvuta ile sehemu laini mpaka ikaumia. Kisigino nacho hupatwa na mfano wa hayo. Dawa yake kubwa ni kupunguziwa mbio. Asiyepunguziwa huumwa miezi na miezi. Mwanafunzi wetu alipoa, alhamdulillahi, lakini uwanjani hakurudi. Na lililomwuma kuliko goti ni kwamba katika miezi ile yote hakuna aliyetoka katika timu akaja kumjulia hali.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimetoa shauri ambalo kila mwalimu wa mpira angelijua: mtoto apate siku moja au mbili za mapumziko katika kila wiki, na kwa mwaka mzima apate miezi miwili au mitatu ya kuwa mbali na mchezo wake mmoja, hata kama miezi hiyo haifuatani. Kuwa mbali na mchezo si kulala. Mtoto na aogelee, acheze rede, apande mnazi kama baba yake amridhia, akimbizane na wenziwe uani. Michezo hiyo humfunza mwili wake mambo ambayo mpira peke yake haumfunzi.

Jambo la pili ni kufunza taratibu kile ambacho wakati wa ligi hakina nafasi. Ziko namna za kuuamsha mwili kabla ya kucheza, zilizotungwa na waganga wa FIFA na wenzao, ziitwazo FIFA 11+. Huchukua kadiri ya dakika ishirini, wala hazitaki chombo chochote ila mpira. Ndani yake mna kukimbia polepole, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjika na kunyoka sawa na vidole vya miguu, na kugeuka kwa ghafula bila ya kujitegua. Uchunguzi uliofanywa Norway na kutangazwa mwaka 2008, kwa wasichana wa miaka 13 mpaka 17, ulionyesha kwamba majeraha yalipungua kwa kadiri ya thuluthi katika timu zilizofuata taratibu hizo, na majeraha makubwa kwa kadiri ya nusu. Lakini faida hii haipatikani kwa kuzikimbiza kimbiza dakika tano kabla ya filimbi. Mtoto hujifunza kutua vizuri kama ajifunzavyo herufi: moja moja, kwa kurudia, na mwalimu akimtazama. Baraza yenye paa yatosha, na mvua inyeshe itakavyo.

Jambo la tatu ni mwalimu kujifunza yeye mwenyewe. Sheria za mpira ni 17 tu, nazo hubadilishwa kidogo kila mwaka, na mabadiliko yake huanza katikati ya mwaka, wakati ligi nyingi zimesimama. Tangu mwaka 2025, kwa mfano, kipa akiushika mpira zaidi ya sekunde 8 timu nyingine hupewa kona; zamani zilikuwa sekunde 6, na adhabu yake ilikuwa nyingine. Mwalimu asiyeyajua haya atamgombeza mwamuzi mbele ya watoto, na watoto watajifunza ugomvi kabla ya kujifunza sheria.

Jambo la nne ni vyeti. Vijana wetu wa Tanzania wa chini ya miaka 17 walikwenda Gabon mwaka 2017 kucheza mashindano ya Afrika. Walikwendaje? Walikuwa wameshindwa na Congo ya Brazzaville, lakini Congo ikaondolewa kwa sababu ya mchezaji mmoja ambaye hakupelekwa kupimwa umri. Watoto wa timu nzima walipoteza safari yao kwa umri wa mmoja, na sisi tukaipata. Safari ile tulifurahi. Safari nyingine huenda tukalia sisi. Basi katika miezi hii mwalimu na azungukie nyumba za watoto wake, aone nani ana cheti cha kuzaliwa na nani hana, awaelekeze wazazi wakakitafute mapema. Na amwonaye mzazi anataka kumpunguzia mwanawe miaka, amkatalie kwa upole. Mtoto afunzwaye kusema uwongo juu ya siku yake ya kuzaliwa amefunzwa kusema uwongo juu ya kila kitu.

Akiwa katika nyumba hizo, tena, asikimbilie kuondoka. Akae, anywe kahawa, awaulize wazazi mtoto alalaje, ala nini, na skuli yake yaendaje. Wapatane saa za mazoezi zisizogongana na za chuoni wala za masomo ya skuli. Sisi walimu wa vyuo nasi tusikae tukalaumu tu. Tulikwenda kwa kijana huyu tukaisogeza darasa ya siku mbili nusu saa, na hakuna kilichoharibika.

Jambo la mwisho ndilo tulilolikazia zaidi. Mwalimu na anunue daftari, aandike majina ya watoto wote alioanza nao msimu uliopita. Mbele ya kila jina aandike: alicheza mechi ngapi, alikaa nje mechi ngapi, aliumia lini, na kama hayupo tena, aliondoka kwa nini. Hesabu ya magoli kila mtu aikumbuka. Hii haikumbukwi na mtu. Mwenye kuisoma ataona yuko mtoto aliyekuja mazoezini mwaka mzima asiguse mpira wa mechi, na yuko aliyepotea bila ya kuulizwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa timu ya watoto hauonekani uwanjani, huonekana katika majina yasiyoitwa tena.

Kijana yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Maalim, yule mtoto wa goti, siku hizi yuko wapi?" Tukamwambia kwamba amekwisha kuwa kijana, na nyumba yao ni ya tatu kutoka kisimani. Akatoa karatasi mfukoni akaandika. Juma lililofuata tuliwaona wawili hao barazani, mvua yanyesha, wamezungukwa na watoto wadogo, yule wa goti akiwaonyesha namna ya kusimama kwa mguu mmoja.

Wazazi, akibisha hodi mwalimu wa mpira wa mwanenu katika miezi hii, mkaribisheni. Amekuja kukalafati chombo chenu.

Wa billahi tawfiq.