Kuhamisha Msimbo Si Kunakili

Vyuoni, wanafunzi wengi hujifunza kuchuja picha kwa MATLAB, programu ya kampuni ya MathWorks inayotumika kwa leseni ya kulipia. Siku mwanafunzi anapohitimu, leseni ya chuo humtoka mkononi, na kazi yake ya miaka kadhaa hubaki kama kitabu kilichofungiwa kabatini. Ndiyo maana naunga mkono wito wa kuzihamishia kazi zetu kwenye programu huria kama Python na GNU Octave. Maarifa yaliyogharimiwa na kodi ya wananchi hayapaswi kumtegemea mshika ufunguo mmoja.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaharakati wenzangu wanaodai kwamba kuhama ni kubadilisha majina ya amri tu. Tuchukue kichujio cha wastani cha pikseli tatu kwa tatu. Hukusanya pikseli tisa, hutafuta wastani wake, kisha huweka jibu katikati. Picha yenye thamani 90 kila mahali ingetarajiwa kubaki 90. Lakini kichujio kikifika kwenye kona, pikseli tano kati ya tisa zinaangukia nje ya picha. Huko nje kuna nini?

Amri ya imfilter ya MATLAB, isipoagizwa vinginevyo, huchukulia kwamba nje kuna sifuri: kona inashuka hadi 40, na ukingo hadi 60. Vichujio vya SciPy katika moduli ya ndimage huchukulia kwamba nje kuna taswira ya ndani, kama kwenye kioo, na kona inabaki 90. OpenCV nayo huakisi, ila haiirudii pikseli ya ukingoni. Hakuna aliyekosea hapo. Kila mmoja ameamua, na uamuzi wake haukuandikwa popote katika msimbo wa mwanafunzi.

Hesabu nazo zina mila zake. Katika namba za biti nane, MATLAB ikijumlisha 200 na 100 husimama kwenye kikomo, 255. Safu za NumPy huzunguka na kuanza upya, zikatoa 44, bila kunung'unika. Palipong'aa pakawa giza.

Mwalimu Nyerere alipomfasiri Shakespeare, mfanyabiashara mmoja wa Venice akawa Mabepari wa Venisi, na msomaji akapewa msimamo pamoja na hadithi. Lakini jina la mfasiri liko kwenye jalada. Tunajua wa kumuuliza. Je, tutamuuliza nani pale utepe mweusi pembezoni mwa picha ya eksirei unaposomwa kama dalili ya ugonjwa, au ukingo wa picha ya satelaiti unapohesabiwa kama msitu uliokatwa? Waathirika ni mgonjwa na mwanakijiji, watu wasiojua hata kwamba msimbo ulihamishwa.

Kwa hiyo natoa rai tatu. Kwanza, taasisi za umma zinapohama, zidai uthibitisho: picha zilezile zipitishwe katika mifumo yote miwili, pikseli zilinganishwe, kuanzia pembezoni. Pili, kila uamuzi uandikwe waziwazi ndani ya msimbo, hata pale programu ingeufanya yenyewe kimyakimya. Tatu, vyuo viache kuiona kazi hii kama ukarani. Mwanafunzi aliyehamisha kichujio na kueleza kila tofauti ameielewa hisabati yake kuliko aliyekitumia tu, naye anastahili alama na jina lake kutajwa.

Uhuru wa programu ni jambo jema, nami nitaendelea kuutetea. Lakini anayehama nyumba hukagua paa la nyumba mpya kabla ya mvua. Kadhalika watumishi wa umma mtakaotia saini mikataba ya mifumo hii: ulizeni kwanza kuhusu pembezoni.